Kumkamata Mkamataji: Mwongozo Kamili wa Kutenga na Kupima Protini Inayobeba Sukari ya Kimea

Loweka ulezi, uache uchipue, ukaushe, usage: hicho ni kimea. Kijiko kimoja kikiingia kwenye sufuria ya uji mzito, uji unalegea na kuwa mtamu bila kutiwa sukari ya dukani. Kinachofanya kazi humo ni amilesi, kimeng'enya kinachokatakata wanga, na kipande kinachopatikana kwa wingi ni maltosi, yaani sukari ya kimea. Mate yetu na kongosho letu huufanyia ugali vivyo hivyo. Vipande vinavyoponyoka kufyonzwa hukutana huko chini utumboni na Escherichia coli, bakteria ambaye ana mtego maalumu kwa ajili yao.

Mtego huo ni protini iitwayo MalE, ingawa maabara nyingi zinaijua kwa herufi MBP, kifupi cha Kiingereza cha protini inayoshika maltosi. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuitoa ndani ya bakteria, kuisafisha, kuondoa sukari iliyoishikilia, kupima inavyokamata, na mwisho kuona kwa macho yako kinachotokea bakteria akiikosa. Nimeuandika kwa mwanafunzi wa biokemia au mwalimu wa maabara ya chuo. Tenga siku tano. Huhitaji kuhamisha jeni yoyote: E. coli wa kawaida wa maabara, aina ya K-12, hutengeneza MBP ya kutosha mwenyewe, alimradi umlishe ipasavyo.

Ramani ya safari

E. coli ana tando mbili. Kati ya utando wa nje na wa ndani kuna uchochoro mwembamba, periplazimu, na humo ndimo MBP inamoishi. Maltosi hupita utando wa nje kupitia tundu la LamB (tundu hilohilo virusi vya lambda hulitumia kumshikia bakteria). Ikifika uchochoroni, MBP huidaka. Kwenye utando wa ndani kuna mlango uliojengwa kwa MalF na MalG, na upande wa ndani wa mlango huo zimekaa MalK mbili zinazochoma ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ili uzunguke.

Mfikirie kuli wa bandarini. Anashusha gunia melini, analipeleka mpaka mlango wa ghala, analikabidhi, anarudi. Yeye mwenyewe haingii ghalani. MBP ndivyo ilivyo: ina mabawa mawili yaliyounganishwa kwa bawaba, na sukari ikiingia katikati mabawa hufunga kwa kujikunja takriban digrii 35. Ikiwa imefunga hivyo, inatua juu ya MalF na MalG. ATP inapozileta MalK mbili pamoja, mabawa yanalazimishwa kufunguka na sukari inaangukia ndani ya MalF. Picha ya fuwele iliyochapishwa mwaka 2007 na kundi la Jue Chen pamoja na Amy Davidson na Florante Quiocho ilionyesha hata kidole cha MalG kikiwa kimeingia katikati ya mabawa ya MBP, kama kijiko kinachokomba sufuria ili sukari isirudi ilikotoka.

Kumbuka neno moja hapo: *yanalazimishwa*. Kwa hiari yake MBP haiachii sukari yote. Shida zako nyingi katika wiki hii zitatokana na tabia hiyo.

Hatua ya 1: Mlishe bakteria ili atengeneze mtego

Tengeneza lita moja ya kilisho cha chumvi tupu (M9 au M63) chenye maltosi gramu 4 kama chakula pekee cha kaboni. Ongeza tiamini kidogo, maana baadhi ya K-12 huihitaji. Panda kutoka mchuzi uliokua usiku kucha katika kilisho hichohicho, tikisa kwa nyuzi 37 za Selsiasi, mpaka spektrofotomita isome takriban 1 kwenye 600 nm.

Usitie glukosi. Hata kidogo. Bakteria akiona glukosi huzima jeni zote za maltosi na kufunga mlango wenyewe, nawe utavuna seli nyingi zisizo na kitu. Wanafunzi hupanda mchuzi wa kuanzia kwenye LB (kilisho chenye virutubisho vingi) yenye glukosi kwa mazoea, kisha wanashangaa mbona saa tatu zimepita bakteria hajasogea. Anabadilisha mitambo yake, mwache. Ila jua pia kwamba maltosi ya bei nafuu mara nyingi huja na glukosi na maltotriosi (mnyororo wa glukosi tatu) ndani yake. Nunua ile safi angalau kwa ajili ya hatua ya 5. Kwa kulishia, ya kawaida inatosha.

Hatua ya 2: Mshtuko wa chumvi na sukari

Hapa ndipo penye ufundi mtamu kuliko pote. Badala ya kumponda bakteria mzima na kuchanganya protini zake zote maelfu, unafungua uchochoro tu na kuacha ghala limefungwa. Njia hii ilielezwa na Harold Neu na Leon Heppel mwaka 1965, na bado haijapata mpinzani kwa urahisi.

Zungusha seli kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, pima uzito wa mashapo. Kwa kila gramu ya mashapo tumia mililita 80 za bufa ya Trisi 30 mM, pH 8, yenye sukrosi asilimia 20. Koroga mpaka hakuna vidonge, kisha ongeza EDTA, kemikali inayonyakua madini, ifike 1 mM. Tikisa taratibu dakika 10 kwenye joto la chumba.

Kinachoendelea ni hiki. Sukrosi haipiti utando wa ndani, kwa hiyo maji yanatoka ndani ya seli na seli inasinyaa. Wakati huohuo EDTA inanyakua magnesiamu na kalisi zinazoshikamanisha utando wa nje, nao unalegea.

Zungusha tena kwa 8,000 g, dakika 20, nyuzi 4. Mwaga maji yote ya juu, mpaka tone la mwisho. Geuza chupa juu ya karatasi ukibidi. Sasa mwagia mashapo, kwa mara moja, mililita 80 kwa gramu za magnesiamu salfeti 5 mM iliyokaa kwenye barafu hadi ikawa baridi kabisa. Vuruga haraka. Maji yanakimbilia ndani, seli inavimba ghafla, na protini za uchochoroni zinamwagika nje kupitia utando uliolegea. Magnesiamu inasaidia utando wa ndani usipasuke. Dakika 10 kwenye barafu, zungusha tena, na safari hii *usimwage* maji ya juu. MBP imo humo. Nimeshuhudia kundi zima la wanafunzi likimimina lita yake ya kazi kwenye sinki kwa sababu hatua iliyotangulia ilisema kumwaga.

Kama maji hayo yanavutika kama ute wa bamia, DNA imetoka, maana yake seli zimepasuka. Ulichelewa kwenye EDTA au ulikoroga kwa nguvu mno. Anza upya, usijidanganye kwamba kolamu ya hatua ya 3 itasafisha.

Ongeza Trisi pH 7.4 ifike 20 mM na chumvi ya kawaida ifike 200 mM.

Hatua ya 3: Kolamu ya amilosi

MBP hushika pia minyororo mirefu ya wanga. Mwaka 1978 Ferenci na Klotz walitumia tabia hiyo kuitenga kwa hatua moja, wakitumia amilosi iliyounganishwa kikemia. Leo rezini ya amilosi, yaani chembe ndogo za kujaza kolamu, inauzwa tayari, na ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya bajeti yako.

Pakia mililita 5 za rezini. Ioshe kwa bufa ya kolamu (Trisi 20 mM pH 7.4, chumvi 200 mM, EDTA 1 mM), pitisha maji yako ya uchochoroni polepole, kisha osha kwa mililita 60 za bufa. Toa protini kwa bufa hiyohiyo yenye maltosi 10 mM, ukikusanya mililita moja moja. MBP huanza kutoka mapema na kumalizika haraka. Mirija mitano sita inatosha.

Fanya kazi hii kwenye baridi, na usilale nayo. Ulipomlisha bakteria maltosi, hakuwasha MBP peke yake. Aliwasha pia MalS, amilesi inayokaa uchochoroni humohumo, na sasa imo kwenye maji unayopitisha juu ya rezini iliyotengenezwa kwa chakula chake. Kila saa unayochelewa, rezini inaliwa. Ndiyo sababu kolamu iliyotumika mara tano inashika kidogo kuliko mpya.

Pima kila mrija kwenye 280 nm. Kwa MBP, usomaji wa 1.0 ni takriban 15 µM, au miligramu 0.6 kwa mililita. Kwenye jeli ya umeme, inayotenganisha protini kwa ukubwa, utaona mstari mmoja mnene karibu na kilodaltoni 40. Ukiona mistari mingine hafifu, endelea. Ukiona msitu, rudi ukaoshe.

Hatua ya 4: Kuiachisha sukari

Sasa una protini safi iliyojaa sukari pomoni, maana uliitoa kwa sukari. Ukitaka kupima inavyokamata, lazima kwanza mikono yake iwe mitupu.

Mara yangu ya kwanza nilijiambia: nitaichanganya na bufa mara 300, yatosha. Nilipochora matokeo nilipata mstari mlalo, na kwa siku mbili nikailaumu mashine. Hesabu ilikuwa mbele yangu muda wote. 10 mM ukigawa kwa 300 ni 33 µM. Maltosi hushikwa nusu kwa nusu ikiwa 1 µM tu. Protini yangu ilikuwa imejaa kwa asilimia 97 kabla sijatia tone la kwanza.

Jibu la haraka ni dialisisi: tia protini kwenye mfuko wa utando unaopitisha molekuli ndogo (kikomo cha kilodaltoni 10 kinafaa), uutumbukize kwenye bufa nyingi, sukari itoke yenyewe. Tatizo ni kwamba sukari inayotaka kutoka mfukoni hukutana na kuli mwingine mtupu kabla haijafika mlangoni, nayo inadakwa tena. Thomas Silhavy na wenzake walilieleza hilo mwaka 1975, nalo likapewa jina la athari ya kushikilia. Kasi ya sukari kutoka hupungua kwa kipimo cha 1 + P/Kd, ambapo P ni nafasi tupu za protini mfukoni na Kd ni kiwango kinachojaza nusu yake.

Tuiweke kwenye saa. Tuseme mfuko wako, ukiwa na maltosi peke yake, unapoteza nusu ya sukari kila saa. Ukiwa na protini 60 µM, nusu hiyohiyo inachukua takriban saa 60. Ili kufika chini ya asilimia 1 unahitaji kugawa nusu mara saba: zaidi ya siku 17. Hakuna anayesubiri hivyo, na ndiyo maana matokeo mengi ya protini za aina hii yamepimwa zikiwa na mzigo mgongoni bila mwenyewe kujua.

Watu wengi hukimbilia guanidini hidrokloraidi 6 M, chumvi inayofumua protini. Inafanya kazi: protini inafumuka, haiwezi kushika chochote, sukari inaondoka kwa kasi yake ya kawaida, kisha unaitoa guanidini taratibu na MBP inajikunja tena vizuri. Lakini lita moja ya 6 M inakula zaidi ya gramu 570 za chumvi hiyo, na si kila protini inarudi kama ilivyokuwa. Kwa kazi ya mwongozo huu sioni haja yake.

Fanya hivi. Zimua protini kwa bufa *kabla* ya dialisisi mpaka iwe 1 µM. Kwa Kd ya 1 µM, sukari inatoka polepole mara mbili tu, si mara 60. Mililita 100 dhidi ya lita 5 za bufa baridi, ubadilishe mara tatu kwa siku mbili. Hutahitaji kuikoleza tena, kwa sababu kipimo kinachofuata kinatumia 0.2 µM tu. Na hata mabaki machache ya sukari hayatakusumbua hapo: MBP iliyoshika maltosi moja kwa moja, ikipunguzwa hadi 0.2 µM, inabaki imeshika kwa asilimia 15 tu hivi. Kinachoua jaribio ni sukari ya ziada ya kolamu.

Guanidini iache kwa siku utakapotumia kalorimita (mashine inayopima joto la kushikana), ambayo hutaka makumi ya µM, au utakaposhughulika na protini yenye mshiko mkali zaidi.

Hatua ya 5: Kipimo chenyewe

MBP ina triptofani 8 (asidi amino inayong'aa), na baadhi zimepanga foleni ndani ya kinywa chake zikiilalia sukari kama viganja. Triptofani ikipigwa mwanga wa 290 nm hung'aa karibu na 345 nm. Sukari ikiingia na mabawa yakifunga, mazingira ya triptofani hizo hubadilika: mng'ao unapungua kwa takriban asilimia 10 na kusogea kidogo upande wa mawimbi marefu. Asilimia 10 si nyingi, kwa hiyo mkono wako usitetemeke.

Tumia kijichupa cha kwazi. Plastiki ya kawaida inameza mwanga huo, na hili limewapotezea watu alasiri nyingi. Tia mililita 2 za MBP 0.2 µM, joto lisibadilike, subiri dakika 10 mpaka usomaji utulie. Andaa maltosi ya aina mbili: 200 µM, ambapo maikrolita 1 huongeza 0.1 µM kwenye kijichupa, na 5 mM, ambapo maikrolita 1 huongeza 2.5 µM. Panda kwa ngazi: 0.1, 0.2, 0.4, 0.8, 1.5, 3, 6, 12, 25 µM, ukibadilisha chupa ya maltosi kuanzia 3. Funga kilango cha mwanga kati ya usomaji na usomaji, la sivyo triptofani zitachakaa na utadhani sukari ndiyo inayopunguza mng'ao.

Rudia mchezo wote ukitia bufa tupu, kisha ukitia sukrosi. Mistari hiyo miwili ikishuka sawa na ya maltosi, hukupima chochote.

Chora mabadiliko ya mng'ao dhidi ya maltosi. Mkunjo utapanda haraka kisha ulale, na nusu ya urefu wake inapaswa kuangukia karibu na 1 µM. Ukiwa na maltotriosi ijaribu pia: yenyewe hushikwa kwa nguvu zaidi, Kd yake ni takriban 0.16 µM. Hapo kuna mtego mwingine. Protini yako 0.2 µM sasa ni nyingi kuliko Kd, kwa hiyo sukari unayotia si ile inayoelea huru. Sehemu nzuri tayari imekamatwa. Usitumie nusu ya urefu. Tumia mlinganyo kamili:

sehemu iliyojaa = [(P + L + Kd) − √((P + L + Kd)² − 4PL)] ÷ 2P

P ni protini yote, L ni sukari yote uliyotia. Programu yoyote ya lahajedwali yenye kitafutio cha thamani itakupatia Kd.

Huna mashine ya mng'ao? Angalia kama idara ina mashine ya PCR ya papo kwa papo. Nyingi zilinunuliwa wakati wa Korona na sasa zimefunikwa vumbi. Changanya MBP na rangi ya SYPRO Orange, pandisha joto polepole, na uone protini inafumuka kwa nyuzi ngapi. Yenye maltosi huvumilia joto zaidi. Njia hii haikupi Kd nzuri, lakini inakuambia bila ubishi nani anashikwa na nani hashikwi.

Hatua ya 6: Muone bakteria asiye na kuli

Mirija imesema MBP inakamata. Haijasema kwamba bakteria anaihitaji. Kwa hilo unataka bakteria watatu: wa kawaida, asiye na jeni ya malE, na asiye na lamB. Mkusanyiko wa Keio, uliotengenezwa Japani na kutangazwa mwaka 2006, una aina zilizopunguzwa jeni moja moja, na maabara nyingi hubadilishana aina hizo.

Wapande kwenye agari ya MacConkey isiyo na laktosi, yenye maltosi asilimia 1. Koloni inayotumia maltosi hutoa asidi na kuwa nyekundu. Asubuhi utakuta wa kawaida mwekundu, na asiye na malE amepauka: ameishi kwa peptoni (vipande vya protini) ya agari huku maltosi imemzunguka pande zote.

Asiye na lamB ndiye wa kumtazama kwa makini, maana naye ni mwekundu. Wanafunzi huandika haraka kwamba LamB haina kazi. Hesabu kwanza: asilimia 1 ni karibu 29 mM. Sukari ikiwa nyingi hivyo, inajipenyeza kupitia matundu mengine ya utando wa nje bila shida. LamB huonekana thamani yake sukari ikiwa haba, chini ya makumi machache ya µM, kama inavyoweza kuwa utumboni kati ya mlo na mlo. Wakuze wa kawaida na asiye na lamB kwenye kilisho cha chumvi chenye maltosi kidogo sana na utofauti utajitokeza wenyewe.

Ukitaka kubadilisha kuli

Njia hiihii inafaa kwa jamaa wa MBP wanaobeba mizigo mingine katika E. coli: RbsB ya ribosi, HisJ ya histidini, PstS ya fosfati, BtuF ya vitamini B12. Badilisha kilisho ili kiwashe jeni husika, na tafuta kolamu nyingine, maana amilosi ni ya MBP. Kwa PstS jihadhari na vyombo: sabuni ya kuoshea na bufa ya fosfati vitaijaza kabla hujaanza.

Bakteria wa aina ya Gramu-chanya ni habari tofauti. Hawana utando wa nje, kwa hiyo hakuna uchochoro wa kumshikilia kuli asipotee. Wao humfunga kwenye utando kwa mkia wa mafuta, kama mbuzi kwenye kigingi. Mshtuko wa hatua ya 2 hautatoa kitu. Itabidi uhamishe jeni yake kwa E. coli ikiwa imekatwa mkia, na uanzie hapo.

Takataka zote za bakteria zipite kwenye otoklevu kabla ya kumwagwa, hata kama K-12 si wa kuogopwa. Protini iliyobaki igawe kwenye mirija midogo, igandishe kwa nyuzi −80, na uandike juu ya kila mrija kama ni tupu au ina maltosi. Miezi sita baadaye kwenye jeli zitafanana kabisa.